Kati ya Wangapi?

Tulimzika Elirehema siku ya Jumamosi, ndani ya migomba yake, juu ya Nkoaranga. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha na njia ilikuwa telezi, hata waliobeba jeneza walivua viatu ili wakanyage vizuri. Mchungaji alipomaliza, kijana mmoja wa ukoo alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Kila aliyewahi kukaa msibani huku kwetu anajua sehemu ile inavyokwenda: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akafanya kazi fulani, na mwisho ameacha mjane, watoto sita, wajukuu ishirini, vitukuu watatu. Idadi hutajwa kwa sauti ya juu kidogo, kama heshima ya mwisho. Kijana yule alisoma, "Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu," kisha akakunja karatasi. Mbele yangu mwanamume wa makamo aliyevaa suti alimnong'oneza jirani yake, "Wamesahau kuweka idadi." Jirani akajibu, "Haraka, bwana. Mambo ya kuchapishiwa stesheneri mjini." Niliinama. Mama mmoja akadhani nimezidiwa, akanisogezea kiti cha plastiki. "Kaa, babu, kaa." Nikakaa. Hawakuwa wamesahau. Nina hakika yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza isomwe hivyo, na katika watu wote waliosimama chini ya miavuli ile, labda nilibaki mimi peke yangu ninayejua kwa nini.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi, wala kwa nini shule mbili nilizitoroka. Inatosha kusema kwamba nilikuwa kijana wa kutotulia. Nilikuwa nimeshakuwa utingo wa lori la mahindi, nimeshalala katika karakana za mtaa wa Sakina, Arusha, chini ya magari ya watu nikijifunza kila chuma kinafanya nini, na kila nilipokaribia kuijua kazi vizuri nilichoka nikaondoka. Cheti changu cha darasa la nane kilikuwa chini ya nguo katika sanduku la mbao. Mwaka ule, Mwingereza akiwa bado anatawala na hakuna aliyedhani angeondoka mapema, chuo kidogo cha ualimu kwenye miteremko ya Meru kilipungukiwa wanafunzi, na mtu mmoja niliyempakia mzigo wake kwenye lori akaniambia nijaribu. Nilijaribu kwa sababu sikuwahi kukaa chuoni na nilitaka kujua kukoje. Wenzangu walipolisikia jina langu hawakulala na njaa ya kicheko. "Yona?" alisema Aloisi, kijana wa Rombo aliyekuwa na ulimi usio na likizo. "Jamani, tusimzoee huyu. Hata nyangumi alimtapika." Elirehema ndiye aliyenisogezea sanduku lake ili niweke langu, akasema kwa upole wake, "Lakini nyangumi alimtapika mahali alipotakiwa kwenda."

Darasa letu lilikuwa ghala la kahawa la mlowezi mmoja aliyekwisha kuondoka. Sakafu ya saruji ilikuwa na mteremko mdogo wa kupitisha maji, kwa hiyo kalamu ikianguka ilibingirika mpaka ukutani, na siku za jua kuta zilitoa harufu ya maganda ya kahawa. Humo ndimo Mwalimu Zefania alimotufundisha hesabu. Alikuwa Mchaga wa Machame, mfupi, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukukata. Siku ya kwanza aliandika ubaoni hesabu ndefu ya kugawanya, tukaimaliza kwa fujo na majivuno, naye akaifuta bila hata kutazama majibu yetu. "Kugawanya mnajua," alisema. "Sasa nataka kuona kama mnajua mnachogawanya." Akatupa habari chache kuhusu mavuno ya kahawa ya wakulima wawili, akatuagiza tuandike ukurasa mmoja wa maneno, wa kumshawishi mtu mbishi, kwamba mmoja alifanya vizuri kuliko mwenzake. Zile ndizo alizoziita insha za hesabu. Karibu mwaka mzima alitupima kwa hizo. Aliamini kwamba mtu anaweza kupata jibu sahihi kwa mazoea tu, kama punda anavyojua njia ya kwenda kisimani, lakini akilazimika kuieleza namba kwa sentensi, hapo akili yake inaonekana yote, pamoja na matobo yake.

Kalamu yake nyekundu ilikuwa na maswali machache, na ilikuwa ikiyarudia pembeni mwa kila ukurasa mpaka tukawa tunayaota. Kati ya wangapi? Kuliko nini? Umejuaje? Kwa hiyo? Nakumbuka Aloisi aliandika kwamba watu wengi sana wa Usa, mji mdogo chini ya chuo, wanakunywa pombe. Mwalimu aliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa, taratibu, kama mchungaji anayesoma tangazo la ndoa. "Wengi sana. Kuliko wanaokunywa maji?"

"Hapana, mwalimu."

"Kuliko mwaka jana?"

"Sijui, mwalimu."

"Umewaona wapi?"

"Kilabuni, mwalimu."

Darasa likaanguka kwa kicheko. "Basi umekwenda kilabuni ukakuta walevi," alisema Mwalimu Zefania, naye akijitahidi asicheke. "Ungekwenda kanisani ungeandika watu wengi sana wa Usa wanaimba." Mimi sikucheka sana. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akitazama kupitia kioo chenye vumbi, na mtu mwingine akapitisha kitambaa. Miaka yote ile ya barabarani nilikuwa nimesikia watu wakisema siku hizi wezi wamezidi, mvua zimepungua, watu wa kabila fulani ni wavivu, nami nilikuwa na wasiwasi na maneno hayo bila kujua wasiwasi wenyewe unaitwaje. Sasa nilipewa majina yake. Kwenye bwalo, juu ya makande ya kila siku, tulianza kuulizana hata katika mambo ya upuuzi. Mtu akisema maharage leo ni machache, meza nzima inajibu, "Kuliko nini?"

Muhula wa pili alitupa kazi kubwa, ambayo alama zake zingeingia kwenye cheti. Ofisi ya elimu ilikuwa imeahidi kuruhusu shule moja mpya ya madarasa ya chini upande wetu wa mlima, na Mwalimu Zefania alipata wazo ambalo mpaka leo naliona lilikuwa zuri. Kila wanafunzi wawili wachague kijiji, wakaone, kisha waandike insha ya kueleza kama kijiji kile kinastahili shule kuliko vingine. Insha itakayokuwa na hoja imara angeipeleka ofisini pamoja na maombi ya wanakijiji. Elirehema hakuhitaji kuchagua. Kijiji chao kilikuwa juu kabisa, karibu na msitu, ambako watoto waliteremka njia za wima kwenda shule ya mbali, na masika ikianza wadogo walikuwa wakiacha. Alitaka jambo moja tu maishani, naye alilisema waziwazi bila aibu: kuwa mwalimu nyumbani kwao, afundishe mchana, na jioni akate majani ya ng'ombe wa mama yake. Sikuwa nimewahi kukutana na kijana anayejua anataka kuishi wapi. Nilimwonea wivu, na kidogo nilimwonea huruma.

Tulipanda siku ya Ijumaa. Mama yake alitukaribisha katika nyumba ya udongo yenye joto, ng'ombe akicheua nyuma ya ukuta wa fito, moshi ukitafuta njia ya kutokea juu ya vichwa vyetu. Alitupa loshoro, yaani mahindi na ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando, katika bakuli moja la mti, akasimama kutuangalia mpaka tulipofika chini. Mdogo wake Elirehema, Anande, msichana wa miaka kama saba hivi aliyeng'oka meno ya mbele, alikaa karibu yangu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kwenu kuna mlima?"

"Upo."

"Mkubwa kuliko huu?"

"Mkubwa kuliko huu."

"Umejuaje?"

Elirehema alicheka mpaka maziwa yakampalia. "Mwalimu Zefania amepata mrithi," alisema. Mama hakuelewa kicheko chetu lakini alicheka pia kwa sababu mwanawe amecheka. Kesho yake tulizunguka nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo kazi ilipokwama. Kila mama tuliyemwuliza ana watoto wangapi alitujibu kwa ukarimu mkubwa bila kutuambia kitu. "Wapo, Mungu ametupa." "Wanatosha kuchota maji." Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama kwetu watu huhesabiwa kama mikungu ya ndizi inayokwenda sokoni. Elirehema alikuwa anajua majibu hayo kabla hatujaanza. Alikuwa ameuliza kwa sababu alitumwa, akiangalia chini, na kila tulipotoka kwenye boma aliharakisha mbele yangu. Mtoto wa mtu hahesabiwi huku. Ukimhesabu, umemwonyesha. Umemwonyesha kwa nani, hilo hawalisemi.

Insha aliyoiandika ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma chuoni. Ilikuwa na ile njia, na matope yake, na mama anayesimama mlangoni kila alasiri ya masika akisikiliza. Ilieleza ni watoto wa nyumba zipi walioacha shule na waliacha katika mwezi gani. Lakini idadi haikuwemo. Mwalimu Zefania alituita nyumbani kwake, katika chumba ambacho kila kiti kilikuwa kimefunikwa kitambaa alichodarizi mkewe, nasi tukakaa ukingoni tusije tukavichafua. Mkewe akaleta chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha.

"Elirehema, unajua kuandika," alianza. "Nimeteleza pamoja na hao watoto. Lakini ni wangapi?"

"Ni wengi, mwalimu."

Nikatazama dirisha. Mwanafunzi mwingine angetolewa nje kwa neno lile.

"Wengi," Mwalimu akarudia.

"Kwetu hatuhesabu watoto wa watu, mwalimu."

"Na Machame je? Unafikiri mimi nilizaliwa ubaoni? Baba yangu alinichapa kwa kuhesabu ng'ombe wa jirani kwa kidole." Aliweka kikombe chini. "Na huyo baba yangu alizika watoto wanne. Hakuwahesabu wakiwa hai. Akawazika vilevile."

Hakuna aliyegusa viazi. Baadaye akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Yule mzungu wa elimu hatapanda mlima wenu. Ana karatasi za vijiji vingi mezani. Mmoja kaandika wengi, mwingine kaandika namba. Atamsikia nani? Unawalinda watoto wako mpaka wakose shule."

Mimi nilikuwa upande wa mwalimu kwa moyo wangu wote, na njia nzima ya kurudi bwenini nilimwambia Elirehema hivyo. Alinisikiliza. Mwisho alisema, "Wewe Yona ukikosea unahama." Lakini Jumapili iliyofuata tulipanda tena kwao; ibada ilipokwisha na watoto wa kijiji chote wakimwagika uwanjani mwa kanisa, nilimwona amesimama pembeni na mikono mifukoni. Alikuwa na punje za kahawa. Kila mtoto aliyepita, punje moja ilihama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, ili mdomo wake usitaje namba yoyote. Nadhani aliona kwamba kwa njia ile hajahesabu kabisa. Mama yake alikuja akasimama mbele yake.

"Baba, mfukoni una nini?"

Mama wa kule humwita mwanawe baba anapompenda na anapomwogopa. "Kahawa, mama."

"Kahawa ya nini kanisani?"

Hakujua kusema uongo. Mama aliitazama mikono yake, kisha akamvuta Anande karibu, akamfunika kichwa kwa khanga, ingawa jua la siku ile lilikuwa kali.

Idadi iliingia kwenye insha katika sentensi moja, na ikazaa sentensi nyingine zote. Kati ya wangapi, walikuwa wanaacha wangapi. Kuliko kijiji kipi. Mwalimu Zefania aliirudisha ikiwa na alama ya juu kuliko zote za mwaka ule, na tulifurahi, hata Elirehema alifurahi, nilimwona. Insha ikaenda ofisini. Na yule mzungu ambaye mwalimu alisema hatapanda mlima, akapanda. Alipendezwa mno na karatasi ile. Alikuja na fimbo ya kutembelea, uso mwekundu kwa jasho, watu wakakusanyika mbele ya kanisa, naye akasoma maneno ya Elirehema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika, na alipofika kwenye idadi ya watoto aliisoma mara mbili ili waone jinsi walivyosikilizwa. Mzee mmoja aliinuka. "Bwana, namba hiyo umepewa na nani?" Yule mzungu akatabasamu, akanyoosha fimbo yake kwa Elirehema. "Na kijana wenu huyu. Hodari sana." Akatangaza kwamba shule imeruhusiwa. Watu wakapiga makofi kama watu wanaopiga makofi mbele ya mzungu, na kina mama wakachukua watoto wao wakaondoka kabla chai haijaletwa.

Ukungu wa Juni ulishuka, na kifaduro kikashuka nao. Tulikuwa tukikisikia hata chuoni, maana nyumba za karibu zilikuwa na watoto: kile kikohozi kinachokwenda, kinakwenda, mpaka unajikuta wewe unayesikiliza umeacha kupumua. Kule juu kiliingia nyumba hadi nyumba. Walioweza walibeba watoto mgongoni kuteremka hospitali, na wengine walirudi nao wazima. Wengine hawakurudi nao. Sitaandika ni wangapi. Anande alikufa asubuhi, na Elirehema alipofika tayari walikuwa wamemwosha. Nilimfuata siku ya pili na nikamkuta amekaa kwenye gogo nje ya nyumba, peke yake, na wanawake waliokuwa wakipita na vyungu vya chakula walikuwa wakizunguka nyuma ya zizi ili wasipite mbele yake. Hawakumtukana. Ndani, mama yake alimwekea chakula juu ya kigoda bila neno lolote, akamgeukia jirani. Mimi alinisalimu. Aliniuliza kama nimepata baridi njiani. Mwanawe alikuwa kwake kama mtu ambaye amesafiri.

Mwalimu Zefania alipolisikia jambo hilo alizunguka chuo kwa siku kadhaa. Kisha akatuita tena kwenye vile viti vyenye vitambaa, na niliona kwamba hakuwa amelala vizuri. "Nimekuingiza mimi," alimwambia Elirehema, "na nitakutoa. Tutumie akili. Kifaduro kilifika kwenu tu?"

"Hapana, mwalimu. Wanasema hata upande wa Momela."

"Huko kuna mtu aliyehesabu watoto?"

"Hakuna."

"Basi!" Alipiga meza. "Kama walikufa kule ambako hakuna aliyehesabiwa, tena si wachache kuliko kwenu, hesabu haikuua mtu. Nendeni mkaulize. Hiyo ndiyo itakuwa insha yako ya mwisho. Utawasomea watu wako, watakuelewa. Hakuna atakayekunyooshea kidole." Nilimtazama Elirehema na nikaona kwa mara ya kwanza baada ya msiba kitu kinachofanana na matumaini. Mimi nilikuwa karibu kuruka. Ilikuwa hoja safi, haina tobo. Mpaka leo nikiifikiria naona haina tobo.

Tulikwenda kwa miguu, tukizunguka mlima kuelekea Momela, na alasiri tulifika kwenye nyumba ambayo nje yake kulikuwa na kaburi dogo ambalo udongo wake haukuwa umetulia. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye ngozi akipukuchua maharage. Tukamwamkia, akatupa gogo la kukalia. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kujua, basi mimi ndiye niliyeuliza, nikijaribu kuzunguka, kama kifaduro kilipita hapa, na kama katika nyumba za jirani waliondoka watoto wengi.

"Nyie ni watu wa hospitali?"

"Hapana, mama. Wa chuo cha ualimu."

"Sasa mnawataka waliokufa wa nini?"

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa, kwamba kule kwa mwenzangu wanadhani ugonjwa uliletwa na kuhesabu, na tukionyesha kwamba huku pia walikufa, mwenzangu atakuwa huru. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha maharage. Kisha alimwangalia Elirehema, siyo mimi.

"Kwa hiyo wangu akitiwa kwenye hesabu yako, wewe utapona."

Elirehema alishuka kutoka kwenye gogo, akakaa chini kwenye ngozi, akachukua ganda la kwanza la maharage. Walipukuchua pamoja mpaka rundo likaisha, wakizungumza kwa Kimeru mambo ambayo sikuyaelewa yote, nadhani ni majina. Nyumba nyingine hatukuingia, ingawa nje ya nyingi tulizopita kulikuwa na makaburi mapya kama lile. Njiani nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba amebakiza hatua ndogo tu. Alisema, "Uliziona nyumba zile, Yona. Unajua. Na mimi najua. Sasa unataka nani mwingine ajue?" Nilikuwa nafikiria mama yake na chakula juu ya kigoda, na najua namba zingeweza kumfikia mtu mwingine, lakini yeye zisingemfikia.

Insha yake ya mwisho niliisoma kabla hajaikabidhi. Ilikuwa fupi. Aliandika kwamba alikwenda upande wa Momela, kwamba kifaduro kilifika huko ingawa hakuna aliyehesabu, kwamba aliona kwa macho yake makaburi mapya na hayakuwa machache kuliko ya kwao. Kisha: "Idadi siiandiki, kwa sababu haikuwa yangu, na kwa sababu aliyekuwa nayo hakunipa. Msomaji akitaka kuniamini, ataniamini kwa haya." Kwa kipimo cha Mwalimu Zefania mwenyewe, ukurasa ule ulistahili wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Ulikaa mezani kwake kwa muda mrefu kuliko insha nyingine yoyote. Uliporudi, ulikuwa na alama ya kufaulu, na pembeni hakukuwa na swali hata moja. Darasani alisema jambo ambalo sikulielewa wakati ule, nalo alilisema akiutazama ubao. "Niliwapima mnavyoiandika namba. Sikuwapima mnavyojua nani amesimama nyuma yake akisikiliza." Kisha akatupa hesabu za kawaida, za kujumlisha. Aliendelea na hizo mpaka mwaka ulipokwisha.

Muhula wa mwisho ulikuwa wa mazoezi ya kufundisha, na Elirehema alipangiwa shule mpya ya kijiji chao. Nilipangiwa pamoja naye. Wanaume walikuwa wameijenga, fito na udongo na bati za serikali, lakini asubuhi ya kufungua tulikuta watoto wachache tu kwenye madawati, wengi wao wa mwinjilisti na wa watu waliohamia. Kina mama wengine walikuwa wamesimama mbali, kwenye ukingo wa migomba, na watoto wao wameshikwa mikono. Hawakuja na hawakuondoka. Mama yake Elirehema alikuwa miongoni mwao, mikono yake mitupu. Sheria ilikuwa kwamba mwalimu aanze siku kwa kuhesabu wanafunzi na kuandika jumla, na mkaguzi angepita kuitazama. Elirehema alikuwa na rangi ya majivu. Nilimnong'oneza kwamba nihesabu mimi. Akatikisa kichwa, akatoka akasimama mlangoni, akaanza kuita majina.

Hakusoma popote. Aliwaita watoto wa kijiji kizima, nyumba baada ya nyumba, kuanzia zile za chini, kwa sauti ya kawaida, jina la mtoto na jina la mama yake, na kila jina aliliachia nafasi. Waliokuwa madawatini waliitika. Wa kule kwenye migomba walitazama juu kwa mama zao. Kisha akaita jina la mtoto aliyekufa, kwa sauti ileile, akaliachia nafasi ileile. Kina mama wakageukiana. Nilidhani watamrushia mawe. Akaita lililofuata, na lililofuata, walio hai na wasio hai, bila kuwatenganisha, kwa sababu shule ile ilikuwa imeombwa kwa ajili yao wote. Alipofika nyumbani kwao akasimama.

"Anande, wa Mama Elirehema."

Akaliachia nafasi. Ng'ombe alilia mahali fulani chini. Nafasi ikawa ndefu kuliko nyingine, na nikaona hawezi kuendelea, na nikajua kama hataendelea sasa hataendelea kamwe. Ndipo kule kwenye migomba mama yake alifungua mdomo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno tangu siku ya kaburi.

"Hayupo, mwalimu."

Elirehema aliinamisha kichwa. Kisha akaita jina la nyumba inayofuata, na mwanamke mmoja akaachia mkono wa mtoto aliyeitwa.